Shajara ya mradi: mahamri ya Kibokoni na mteja aliyeonekana Amsterdam

Wiki ya 1, Jumatatu

Mradi wenyewe ni mdogo. Shangazi yangu hupika mahamri, mbaazi za nazi na viazi vya karai nyumbani kwake Kibokoni, Mji wa Kale wa Mombasa, na tangu mwaka jana mimi na mwenzangu mmoja tumemtengenezea tovuti ya kupokea oda. Mteja akifungua ukurasa, tovuti inakisia yuko wapi kwa kutazama anwani yake ya IP, ile namba inayokitambulisha chombo chake mtandaoni. Ikimwona nje ya Kenya, inamwambia kwa adabu kwamba hatufiki huko. Ikimwona ndani ya Kenya, inaweka pini ya ramani pale inapodhani yupo na kumhesabia nauli ya kumpelekea. Lango hilo nililiandika mimi, usiku mmoja, nikajiona fundi.

Leo shangazi amenipigia kabla sijanywa hata chai.

"Mwanangu, hiyo mashine yako ina wazimu. Kuna mama wa Makadara ataka mahamri ishirini, aambiwa yuko Uholanzi."

"Labda yuko Uholanzi kweli, shangazi."

"Yuko Uholanzi, na mimi nasikia adhana ya msikiti wetu kwenye simu yake?"

Hapo sikuwa na jibu. Nilimpigia yule mama, nikamwamkia, nikamwomba aangalie juu ya kioo cha simu. Kulikuwa na alama ndogo ya ufunguo. Zamani mwanawe alimwekea VPN ya bure, yaani programu inayopitisha intaneti ya simu kwenye seva ya mbali, na haikuzimwa tena. Akaizima, ukurasa ukafunguka, oda ikapita. Nilidhani nimemaliza kazi. Jioni nilipopita Kibokoni shangazi akaniuliza swali ambalo ndilo limezaa shajara hii: "Kwa hivyo kila mteja wangu nimfundishe kutumia simu kwanza ndipo nimuuzie?"

Tumejipa wiki tano za kuelewa VPN inabadilisha nini na haibadilishi nini, kisha tuliandike lango upya.

Wiki ya 1, Jumatano

Nimekaa na kumbukumbu za seva tangu alasiri. Katika siku kumi na nne lango limewarudisha wageni 14. Watano ni mashine za kutambaa mtandaoni, na hizo hazili mahamri. Tisa waliobaki walitokea kwenye anwani za Ulaya na Marekani, na walirudi tena na tena, kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba anayojua wenyewe wamo.

Kwa faida yangu mwenyewe naandika jinsi ukisiaji huu unavyofanyika, maana niliutumia mwaka mzima bila kuufikiria. Anwani ya IP haina ramani ndani yake. Ni namba tu. Mafungu ya namba hizo hugawanywa na masajili matano ya kanda, na ya Afrika ni AFRINIC, yenye makao Ebène, Mauritius. Sajili inajua fungu fulani limepewa kampuni gani na kampuni hiyo ni ya nchi gani, basi. Kampuni kama MaxMind na IP2Location huchukua rekodi hizo, huongeza vipimo vyao na taarifa za wenye mitandao, kisha huuza kanzidata: namba hii, nchi hii, mji huu. Kwenye nchi hupatia mara nyingi. Kwenye mji, ni ramli yenye elimu kidogo.

Nimejijaribu mwenyewe. Niko Tudor, simu haina VPN, natumia bando la kawaida. Tovuti yangu ikaniambia niko Nairobi. Na sababu yake si siri: kampuni za simu hazina anwani za kumtosha kila mteja, kwa hiyo maelfu ya watu hutoka nje kwa anwani moja, kupitia milango mikubwa ya kampuni. Aliye Likoni na aliye Kisumu wanaweza kutokea mlango mmoja. Ninachokiona kwenye seva ni mlango, si mtu. Kinachonichekesha ni kwamba nyaya za baharini zenyewe zinatua kwetu. TEAMS, inayotoka Fujairah, na SEACOM zilianza kazi 2009, EASSy ikafuata 2010, zote hapa Mombasa. Intaneti inapanda nchi kavu kutoka ufukweni petu, kisha ramani inatuita sisi watu wa Nairobi.

Mmoja wa wateja wetu wa kweli, bila VPN yoyote, pini ilimtua kwenye nyuzi 1 kaskazini na 38 mashariki. Hiyo ni nyika iliyo kaskazini ya mji wa Isiolo. Kanzidata ilijua nchi bila kujua mji, ikachagua katikati ya Kenya. Nauli tuliyomtajia ilikuwa kubwa kuliko bei ya ng'ombe. Angeweza kununua karai lake mwenyewe na gunia la viazi.

Na si mchezo mahali pengine. Marekani, MaxMind walikuwa na desturi hiyohiyo: anwani ambayo hawakuijua zaidi ya nchi waliiweka kwenye nyuzi 38 kaskazini na 97 magharibi. Pale pana shamba, karibu na mji mdogo wa Potwin, Kansas. Kwa miaka mingi wenye shamba hilo waligongewa na polisi, wakadaiwa fedha zilizoibwa mitandaoni na kutukanwa na watu wasiowajua, kwa sababu anwani zaidi ya milioni 600 zilielekezwa uani kwao. Habari zilipojulikana 2016, kampuni iliisogeza nukta hiyo ikaitia ndani ya maji, kwenye ziwa lililo magharibi ya Wichita. Hili nimelibandika ukutani juu ya meza.

Wiki ya 1, Alhamisi usiku

Meza ya chakula imekuwa maabara. Simu mbili za Android, aifoni moja ya dada yangu (ameitaka kabla ya saa nne), na kompyuta ya mkononi. Nimewasha VPN kwenye zote nikachagua Amsterdam, kisha nikafungua ukurasa wa majaribio unaoandika kila kitu unachoweza kukijua kuhusu mgeni.

Anwani ya IP: Amsterdam, kwenye vyombo vyote vinne. Hapo VPN imefanya kazi yake sawasawa. Trafiki yangu inafungwa kwenye bahasha iliyofichwa maandishi, inapelekwa kwenye seva ya Amsterdam, ile seva inaifungua na kuituma kwa jina lake yenyewe. Tovuti haijawahi kuongea nami. Imeongea na tarishi.

Saa za eneo: Africa/Nairobi, kwenye vyombo vyote. Kivinjari husoma saa ya chombo, na VPN haigusi saa.

Lugha: Kiswahili cha Kenya kwenye simu moja, Kiingereza kwenye nyingine. Nayo haikuguswa.

Kisha nikabonyeza kitufe cha "tumia mahali nilipo", kivinjari kikaomba ruhusa, nikakubali. Pini ikatua juu ya paa letu, Tudor, ikikosea kwa upana wa barabara. Nilizima VPN, nikarudia. Pini ilibaki palepale.

Ilinibidi nikae na hilo kidogo. GPS haipiti kwenye intaneti. Setelaiti ziko juu kiasi cha kilomita 20,200, zinatangaza saa zao na mahali zilipo, na simu inasikiliza tu. Ikisikia nne au zaidi inapiga hesabu yenyewe. Hakuna kitu hapo cha kupitishia Amsterdam. Programu ikishapewa ruhusa, huchukua jibu hilo na kulituma kwa mwenye programu, na njia inayotumia ni hiyohiyo VPN. Yaani bahasha iliyonifichia anwani ndiyo hiyo imebeba barua inayosema niko Tudor, nyumba ya kona.

Programu iliyosakinishwa inaona zaidi ya tovuti. Mtandao wa simu unajitambulisha kwa namba ya nchi: Kenya ni 639, Tanzania 640, Uganda 641. Programu inaweza kuisoma. Kwa hiyo mtu "aliye Amsterdam" mwenye laini ya 639, saa ya Nairobi na pini ya Tudor ni mtu ambaye shahidi mmoja kati ya wanne anasema jambo tofauti. Lango langu lilimsikiliza huyo mmoja na kuwaziba midomo watatu.

Dada amekuja kuchukua simu yake. Betri imebaki asilimia tisa. Sitaandika aliyosema.

Wiki ya 2, Jumamosi

Jaribio la kivuko. Nilishuka Likoni na simu mbili mfukoni, zote VPN ikiwa Amsterdam, ukurasa wa majaribio ukijiandikia kila sekunde kumi. Feri ilikuwa imejaa mikokoteni ya mboga, pikipiki na watu wanaorudi kazini, tukavuka. Kwenye kumbukumbu, safari yote ile anwani haikutikisika: Amsterdam tulipopanda, Amsterdam katikati ya mkondo, Amsterdam tulipogusa Likoni. Pini ya GPS ilivuka maji pamoja nasi, nukta baada ya nukta, mpaka unaweza kuona tuliposubiri meli ipite.

Kwa anayedhani VPN inamficha asionekane na programu ya teksi au ya ramani, mstari huo wa nukta juu ya maji unatosha.

Nikiwa upande wa pili nilinyima kivinjari ruhusa ya eneo kwenye simu moja. Hapo ndipo VPN ilipopata nguvu: ukurasa ulibaki na anwani ya IP na saa tu, ukaniweka Uholanzi. Kumbe nilipaswa kuuliza pia mteja ameruhusu nini kabla ya kuilaumu VPN.

Wiki ya 2, Jumapili

Leo nimezima setelaiti kabisa, nikaacha simu itafute mahali kwa waifai na minara. Nimepita vichochoro vya Mji wa Kale, pale ambapo kuta zimekaribiana hata mbingu inaonekana kama utepe, na GPS huyumba hata ikiwa imewashwa. Simu iliniweka nje kwa nyumba mbili tu. Kila rauta hutangaza namba yake ya utambulisho, simu huziorodhesha zote inazozisikia, hata zile usizo na nywila zake, kisha huuliza huduma ya eneo ya Google au Apple: rauta hizi ziko wapi? Mji wa Kale una rauta kila ghorofa. Ni kama kumuuliza mzee wa barazani, atakutajia nyumba.

Kompyuta ya mkononi isiyo na GPS hufanya vivyo hivyo. Ile ya mezani iliyounganishwa kwa waya, isiyosikia waifai yoyote, haina pa kushika ila anwani ya IP, na hiyo peke yake ndiyo VPN ilifanikiwa kuihamisha Amsterdam mpaka pini ya ramani.

Binamu yangu alinipa kisa cha kufungia siku. Alihama Nairobi na rauta yake, akaiwasha hapa Mikindani. Kwa wiki kadhaa kompyuta yake iliamini iko Eastleigh, ikamletea matangazo ya maduka ya huko. Hakuwa na VPN. Rauta ilihama, orodha ya Google ilikuwa haijapata habari. (Asiyetaka rauta yake iwemo kwenye orodha ya Google anaongeza _nomap mwishoni mwa jina la mtandao. Nimeifanya ya nyumbani.)

Wiki ya 3, Jumanne

Siku ya mivujo. Simu moja yenye VPN ya kiendelezi cha kivinjari ilionekana Amsterdam na Kenya kwa wakati mmoja, nikapoteza saa tatu nikidhani msimbo wangu umeharibika. Haukuharibika. Mambo matatu yalikuwa yanavuja: maswali ya majina ya tovuti, yaani DNS, yaliendelea kwenda kwa mtoa huduma wa hapa, anwani ya IPv6, ile ya mtindo mpya, ilipita nje ya njia ya VPN kwa sababu VPN hiyo hubeba IPv4 tu, yaani za mtindo wa zamani, na WebRTC, ile sehemu ya kivinjari ya simu za video, iliuliza anwani ya kweli kwa njia yake ya mkato. Hilo la WebRTC limejulikana tangu 2015 na vivinjari vya sasa vimelipunguza, lakini VPN ya kiendelezi inafunika baadhi ya milango na kuacha dirisha. Ile inayokaa kwenye mfumo mzima wa simu haikuvuja hata kimoja.

Hatutatumia mivujo hii kumtambua mteja. Ingekuwa sawa na kuchungulia.

Wiki ya 3, Ijumaa

Hili ndilo limenifurahisha kuliko yote, na halina faida yoyote kwa mahamri.

Kwenye orodha ya nchi za VPN moja niliona Kenya, na bendera yetu pembeni. Nikafikiri: nikiichagua hiyo, anwani itakuwa ya hapa na seva iko Nairobi, mwendo utakuwa mwepesi. Nikaiwasha. Kanzidata ikasema Nairobi. Lakini kurasa zilikuwa zinajikokota kama tuktuk iliyopakia magodoro.

Nikapima muda wa kwenda na kurudi: milisekunde 170. Sasa piga hesabu. Mwanga ndani ya nyuzi za kioo husafiri kiasi cha kilomita 200,000 kwa sekunde. Nairobi iko kama kilomita 440 kwa mstari ulionyooka, kwenda na kurudi ni milisekunde 4 na kitu. Ukiongeza mizunguko na foleni, 10 au 15. Amsterdam iko kama kilomita 7,000, kwenda na kurudi haiwezi kupungua milisekunde 70, na kwa kuwa waya hupita Bahari ya Shamu hadi Misri na kuendelea, huongezeka sana. Milisekunde 170 ni za Ulaya.

Mwenzangu akanizuia, na alikuwa sahihi: muda mrefu peke yake hauthibitishi kitu, njia huenda ikazunguka Ulaya na kurudi Nairobi. Muda mfupi ndio unaothibitisha, kwa sababu hakuna anayeushinda mwanga. Tukafuatilia njia kituo kwa kituo. Vituo vingi hubeba majina yenye vifupisho vya viwanja vya ndege, na cha mwisho kabla ya seva kilikuwa na kifupisho cha Frankfurt. Haikurudi Afrika hata kwa bahati mbaya.

Basi kwa nini kanzidata ilisema Nairobi? Kwa sababu mwenye anwani ana haki ya kutangaza mwenyewe iko wapi. Upo hata mtindo rasmi wa faili la kutangazia, RFC 8805, uliochapishwa Agosti 2020. Kampuni ya VPN inaandika "Kenya", wakusanyaji wanachukua. Wenyewe huziita nchi za namna hii sehemu pepe, na baadhi yao husema wazi kwenye kurasa zao. India ni mfano mkubwa: Aprili 2022 idara ya usalama wa mtandao ya serikali, CERT-In, iliagiza kampuni za VPN zihifadhi taarifa za wateja kwa miaka mitano. Kampuni kadhaa ziling'oa seva zao India na kuendelea kutoa anwani "za India" kutoka seva zilizoko Singapore na kwingineko.

Kwa hiyo anwani inaweza kusema uongo hata kuhusu uongo wake: mteja yuko Mombasa, anadai yuko Nairobi, kupitia Frankfurt.

Wiki ya 4, Jumatatu

Tumegombana, kwa heshima. Mwenzangu alikuja na pendekezo lililoandikwa vizuri: tununue orodha ya anwani za VPN, kila anayetoka huko afungiwe. Kiufundi si kazi ngumu. Anwani za VPN nyingi ni za vituo vya kukodisha seva, si za kampuni zinazouza intaneti majumbani, na watu wengi hutokea kwenye anwani moja. Netflix walitangaza Januari 2016 kwamba watazuia njia kama hizo, mwezi uleule walioingia nchi zaidi ya 130, Kenya ikiwemo. "Wakubwa wanafanya," akasema.

"Wakubwa wameuziwa filamu nchi kwa nchi," nikamwambia. "Mahamri ya shangazi nani katuuzia haki zake Ulaya?"

Akasema wadanganyifu. Nikamkumbusha mdanganyifu pekee tuliyewahi kumpata. Alikuwa mbebaji wa oda wa muda, si mteja, na VPN hakuwa nayo. Ukurasa wetu ulionyesha amefika Nyali na mteja hayupo, kumbe mwenyewe alikuwa kijiweni Mwembe Tayari anakunywa kahawa. Android ina sehemu ya wasanidi programu inayoruhusu programu nyingine itoe mahali pa bandia. Anwani yake ya IP ilikuwa ya kweli na GPS ndiyo ilidanganya. Programu iliyosakinishwa huweza kuona alama kwamba mahali hapo pametungwa. Tovuti kama yetu haioni. Orodha ya VPN isingemgusa.

Tulichofanya badala ya kuendelea kubishana ni kuwapigia simu wale wateja tisa. Saba walipokea. Mmoja aliweka VPN Novemba 2024, Telegram ilipobanwa nchini wakati wa mitihani ya KCSE, ya kumaliza sekondari, akaisahau humo. Mwingine ni muuguzi, ofisini kwao waifai hufunga kurasa nyingi. Wawili wanatazama mpira, sikuwauliza zaidi. Mmoja aliishi Dubai miaka sita, na kule simu za WhatsApp hazipigiki, akazoea kuwa nayo. Alinieleza pia kwamba sheria yao ya 2021 inamtoza anayetumia VPN kuficha kosa faini ya dirhamu 500,000 hadi milioni 2, kwa hiyo akirudi kule huifuta kabisa uwanja wa ndege. Mmoja ni mfanyabiashara anayekwenda Tanga na kurudi, na alikuwa akiniuliza mimi kama ile amri ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania, ya Oktoba 2023, ya wenye VPN kule kujisajili, inamhusu mgeni. Nilimwambia aulize wakili. Wa saba ni yule mama wa Makadara, ambaye hakujua kabisa kilichokuwemo kwenye simu yake mpaka nilipompigia.

Mwenzangu aliikunja karatasi yake. Ila alishinda jambo moja, na nalikubali: VPN za bure huwa na njia nyingine ya kujilipa, na mara nyingi njia hiyo ni taarifa za mtumiaji. Tumekubaliana tumwambie yule mama, kwa upole, aifute kama haimsaidii. Hilo ni la jirani kwa jirani, si la tovuti.

Wiki ya 4, Alhamisi

Lango limefutwa. Mistari 60 na kitu, nimeiondoa kwa mkono wangu, na haikuuma kama nilivyodhani.

Mpango mpya ni wa kizamani. Ukurasa unauliza: "Tulete wapi?" Mteja anachagua mtaa kutoka kwenye orodha: Kibokoni, Makadara, Bondeni, Majengo, Ganjoni, Kizingo, Tudor, Buxton, na Nyali mwisho wa daraja. Chini yake pana nafasi ya kuandika alama ya kumwongoza mletaji. Mombasa hakuna anayeelekezwa kwa nyuzi za latitudo. Mtu anaandika "nyuma ya msikiti, mlango wa kijani wenye misumari", na mletaji anafika.

Anwani ya IP imebakizwa kazi moja, ya kukisia lugha ya ukurasa, na hata hiyo inashindwa na lugha ya kivinjari zikitofautiana. Anayetaka kututumia pini ana kitufe chake. Ruhusa haiombwi mpaka akibonyeze. Tangu Android 12 na iOS 14 mteja anaweza kutoa mahali pa kukadiria badala ya pa hakika, kwa hiyo tumeongeza tahadhari: pini ikija na duara pana kuliko mtaa, haitumiki kuhesabia nauli. Na mahali pa mteja panafutwa oda ikishafika. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inataka ukusanye kile tu unachokihitaji, na sisi tunahitaji mlango mmoja, kwa nusu saa.

Nauli sasa ni ya mtaa. Hakuna tena Isiolo.

Nimejaribu kwa VPN ya nchi sita, kwa simu iliyonyimwa ruhusa zote, kwa saa iliyowekwa kimakosa ya Tokyo. Zote zimepita. Hitilafu pekee: mteja mwenye saa ya Tokyo aliambiwa tumefunga. Saa za kufungua na kufunga sasa zinasomwa kwenye seva, si kwenye simu yake.

Wiki ya 5, Jumamosi

Siku sita bila simu ya malalamiko. Mama wa Makadara ameagiza mara mbili. VPN yake bado iko, nimeona anwani ya Uholanzi, nikatabasamu nikaendelea na kazi.

Leo saa moja asubuhi imeingia oda kutoka anwani ya Sharjah. Mwenzangu akaniamsha akidhani tumerudi kulekule. Nikaangalia: saa za eneo ni Asia/Dubai, lugha Kiswahili, hakuna alama ya kituo cha seva, ni anwani ya kampuni ya simu ya kule. Hakuwa na VPN yoyote. Kila shahidi alisema jambo moja, na lilikuwa kweli: huyu mtu yuko Sharjah.

Mahali pa kuleta: Majengo. Alama: "kwa mamangu, nyumba yenye mkungu mbele, mpigie kwanza hasikii mlango". Malipo yamefanywa na kakake kwa M-Pesa. Mahamri kumi, mbaazi za nazi bakuli mbili.

Lango langu la zamani lingemrudisha huyu bila kosa lolote la kiufundi.

Shangazi alipoisoma alama ile alinyamaza, kisha akachukua simu yake mwenyewe akampigia yule bibi wa Majengo. Nilimsikia kutoka jikoni: "Asalaam alaykum mamangu. Bintiyo amekutumia kiamsha kinywa. Pilipili wala au huli?"

Kilichobaki kwenye orodha: nafasi ya kuandika namba ya anayepokea, tofauti na ya anayelipa. Naanza kesho.